Maji yanayokimbia hayaondoi bakteria wote

Hapa Kirumba, Mwanza, utaambiwa: fungulia bomba, maji yakimbie, vijidudu vyote vitakwenda nayo. Si kweli. Pitisha kidole ndani ya mpira wa maji uliotumika muda mrefu, utagusa ute. Huo ni utando wa bakteria walioshika ukuta na kujifunika gundi ya sukari, protini na DNA wanayoitoa wenyewe. Mkondo huwabandua baadhi yao, tena hao huenda kuanzisha makazi mapya mbele.

Lakini kwenye ukuta wenyewe kasi ya maji hukaribia sifuri, na hapo wengine hutembea. Bakteria aitwaye Pseudomonas aeruginosa ana nyuzi nyembamba kwenye ncha za mwili. Huzirefusha, zikanasa, kisha huzivuta ndani, mfano wa wavuvi na kokoro, wavu wa kukokota. Mkondo humlaza, ncha iliyonasa ikaelekea maji yanakotoka. Akivuta, anapanda kinyume cha mkondo! Kwa hiyo uchafu wa mdomo wa bomba unaweza kurudi ndani polepole, hata maji yakitiririka.

Tangi la maji lenye ute basi lisuguliwe kwa brashi kwanza, ndipo klorini itiwe. Klorini peke yake hupenya ute kwa shida.