Je, wajua kwa nini bapa la greda la kuvutwa linamtii mtu lakini haliitii barabara?

Nyuma ya karakana moja wilayani Kongwa, mkoani Dodoma, chini ya mwarobaini, palikuwa na greda kuukuu, chombo cha kuchonga barabara, la kuvutwa na trekta. Halikuwa na injini wala kiti. Lilikuwa limepandishwa juu ya magogo, bapa lake refu la chuma likielea hewani. Sisi watoto tulilipenda kwa sababu ya sukani mbili kubwa zilizokuwa nyuma yake, juu ya jukwaa dogo la kusimamia. Ukizungusha wa kushoto, ncha ya kushoto ya bapa inapanda. Ukizungusha wa kulia, inapanda ya kulia. Hata mtoto wa darasa la tatu aliweza, ilimradi auegemee usukani kwa mwili mzima.

Siku moja tukataka kuliteremsha bapa bila kupanda jukwaani. Tukaning'inia wanne kwenye ncha moja, tukarukaruka mpaka mikono ikauma. Halikushuka hata unene wa kidole. Mzee aliyekuwa akilinda pale, ambaye alipata kuliendesha ujanani, alitutazama kwa muda, kisha akasema: “Wajukuu zangu, hilo linasikia amri kutoka juu tu. Kutoka chini halisikii.”

Swali letu lilibaki palepale. Mtoto mmoja analiinua. Inakuwaje wanne washindwe kulishusha? Jibu lake ndilo linaloeleza pia kwa nini barabara ya udongo inaweza kuchongwa ikanyooka.

Kwanza tulitazame greda lenyewe. La kuvutwa ni fremu ndefu yenye magurudumu mbele na nyuma, na bapa limening'inia katikati, chini ya tumbo. Trekta inalivuta kwa mwendo wa mtu anayetembea au zaidi kidogo. Dereva wa trekta kazi yake ni kunyoosha njia. Anayechonga barabara ni opereta aliyesimama nyuma, kwa sababu pale ndipo anapoziona ncha zote mbili za bapa, na akigeuza shingo anaiona kazi aliyokwisha kuifanya. Kabla ya trekta, magreda ya aina hii yalivutwa na farasi na nyumbu (chotara wa farasi na punda). Joseph D. Adams wa Indiana, Marekani, alitengeneza mwaka 1885 greda ambalo magurudumu yake yangeweza kuinamishwa upande, na umbo hilo likaendelea kutumika kwa miongo mingi.

Sasa tufuate nguvu ya mkono inakopita. Usukani umefungwa kwenye mtaimbo. Mwisho wa mtaimbo, ndani ya boksi la chuma lililojaa grisi, kuna skrubu nene. Uzi wa skrubu hiyo umeingia kati ya meno ya gurudumu dogo la gia. Gurudumu hilo likizunguka linazungusha mkono mfupi, na mkono huo unavuta fimbo iliyoungwa kwa boljointi, kiungo cha tufe kinachogeuka kila upande, karibu na ncha ya bapa. Basi, hakuna zaidi. Siri yote imekaa pale skrubu inapogusana na meno.

Skrubu ikizunguka mara moja kamili, inasukuma jino moja tu la gia. Kama gia ina meno 40, itakubidi uzungushe usukani mara 40 ili gia imalize mzunguko mmoja. Unapoteza mwendo, unapata nguvu. Nitatoa hesabu ya mfano, ambayo namba zake nimezichagua ili ziwe rahisi kufuatwa. Tuseme usukani una upana wa sentimita 60, na kila mzunguko wake unainua ncha ya bapa kwa sentimita 3. Mkono wako unasafiri kama sentimita 188 kuuzunguka usukani huo, wakati bapa linasafiri 3. Ni mara 63 hivi. Upande mmoja wa bapa ukiwa na uzito wa kilo 200, ungetakiwa kusukuma kama kilo 3 tu, laiti kusingekuwa na msuguano. Lakini msuguano upo, tena mwingi. Ukichukulia kwamba ni asilimia 30 tu ya nguvu yako inayofika kwenye bapa, utasukuma kilo 10 na nusu hivi. Ni kama kuinua ndoo ya lita 20 iliyojaa nusu. Mtu mzima anaweza kuifanya kazi hiyo asubuhi hadi jioni.

Wengi wakisikia kwamba asilimia 70 ya nguvu imepotea wanasikitika. Mimi nasema hapo ndipo penye uzuri wa chombo hiki.

Fikiria kilima cha changarawe. Kama mteremko ni mkali, jiwe ukiliacha linaporomoka lenyewe. Kama mteremko ni wa taratibu, jiwe linakaa pale ulipoliweka, na hata ukiongeza jiwe la pili juu yake bado halisogei, kwa sababu uzito unapoongezeka na msuguano unaongezeka kwa kiasi kilekile. Uzi wa skrubu ni kilima kilichoviringishwa kwenye mtaimbo. Waliotengeneza greda wameufanya uzi huo uwe na mwinamo mdogo sana, digrii chache tu. Chuma juu ya chuma chenye grisi huanza kuteleza chenyewe mwinamo unapokaribia digrii 6 hadi 8. Chini ya hapo hakitelezi, uzito uwe wowote ule. Kwa hiyo usukani unaweza kuisukuma gia, lakini gia haiwezi kuuzungusha usukani. Inaubana uzi kwa nguvu, uzi unaikatalia. Sisi wanne kwenye ncha ya bapa tulikuwa tunaongeza uzito juu ya jiwe ambalo tayari limekaa.

Na hii si bahati njema tu. Ni kanuni isiyoepukika: skrubu ya namna hii ikiwa inajifunga yenyewe, lazima ipoteze zaidi ya nusu ya nguvu unayoiwekea. Huwezi kupata kimoja ukaacha kingine. Nguvu ile unayodhani imepotea ndiyo inayolishikilia bapa.

Mfano wa karibu zaidi uko kwenye muziki. Zeze la Wagogo lina vigingi vya kukazia nyuzi, na kigingi kinashikiliwa na ubanaji wake ndani ya tundu. Kikilegea, sauti inashuka katikati ya wimbo. Gitaa la dansi lina skrubu ndogo na gia kwenye kila ufunguo. Mpigaji anakaza kwa vidole viwili, na waya, ingawa unavuta kwa kilo kadhaa muda wote, hauwezi kuurudisha ufunguo nyuma. Ukitaka kuelewa boksi la greda bila kuchafuka grisi, ligeuze gitaa utazame kichwa chake.

Kwa barabara, jambo hili lina maana kubwa. Bapa likiwa kazini halipumziki. Linakutana na jiwe, mzizi wa mkambala, kisha ghafla mchanga laini. Kila kitu kinalisukuma juu au kulivuta chini. Kama misukumo hiyo ingefika mikononi mwa opereta, usukani ungemzungukia na kumvunja kidole, au ungemchosha kabla ya saa nne asubuhi. Na barabara ingechongwa kwa kufuata mashimo yake yaleyale ya zamani. Opereta wa greda hili anaweka kimo, anaachia mikono, na kimo kinabaki. Yeye anabaki na kazi ya macho.

Kwa nini sukani mbili na si moja? Kwa sababu barabara ya changarawe haitakiwi kuwa tambarare kama meza. Inatakiwa iwe na mgongo. Katika barabara ya upana wa mita 6, mteremko wa asilimia 5 kutoka katikati unaufanya mgongo uwe juu kwa sentimita 15 kuliko kingo. Bila mgongo huo, maji yanasimama, tairi zinayakanyaga, na shimo linazaliwa. Kwa bapa la mita 2.4, asilimia 5 ni tofauti ya sentimita 12 kati ya ncha na ncha. Ukirudi kwenye hesabu yetu ya sentimita 3 kwa mzunguko, hiyo ni mizunguko minne ya usukani mmoja. Opereta mzoefu hapimi kwa rula. Anahesabu mizunguko, kama mpishi anavyohesabu vibaba vya mchele.

Jambo hili watu wa kanda yetu wanalijua kwa uchungu. Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, Desemba hadi Aprili kwa kawaida, na mvua yenyewe hushuka kwa vishindo: wiki mbili kavu, kisha saa moja ya mafuriko. Njia isiyo na mgongo inageuka korongo kwa mvua mbili. Kwenye udongo mweusi wa mbuga, kama ule wa Bahi, maji yakisimama barabarani siku moja, lori linazama mpaka ekseli. Wakati mzuri wa kuchonga ni mwishoni mwa mvua, udongo ukiwa bado na unyevu wa kushikana. Ukisubiri Septemba, unachonga vumbi, na upepo unalibeba.

Niruhusuni nikae kidogo kwenye jambo ambalo naona linasahaulika: mahali bapa lilipo. Kwa kuwa limening'inia katikati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, gurudumu la mbele likipanda tuta la sentimita 10, bapa linapanda takriban 5 tu. Gurudumu la nyuma likifika kwenye tuta lilelile, tena ni 5. Fremu ndefu inagawa kila tuta kwa mbili, na kila ukirudia kupita, matuta yanazidi kupungua. Sasa linganisha na bapa fupi linalofungwa moja kwa moja nyuma ya trekta. Pua ya trekta ikipanda tuta, trekta inabembea juu ya ekseli yake ya nyuma, na bapa lililo nyuma ya ekseli hiyo linazama ardhini. Pua ikishuka, bapa linapanda. Yaani palipo na tuta linachimba shimo, mita chache nyuma. Nimeona kijiji kikichangishana mafuta ya dizeli, kikachongewa barabara kwa bapa la namna hiyo, na baada ya siku mbili baiskeli zikawa zinapita pembeni kwenye nyasi. Dereva hakuwa mzembe. Umbo la chombo ndilo lililoikataa kazi.

Bapa pia huwekwa mshazari, ili udongo usogee kuelekea katikati ya njia. Udongo nao unalisukuma bapa kando kwa nguvu ileile, na mkia wa greda unataka kukimbilia mtaroni. Hapo ndipo uvumbuzi wa Adams unapofanya kazi: magurudumu yakiinamishwa dhidi ya msukumo huo, yanasimama kama mtu anayevuta kamba akiwa ameegemea nyuma. Baadhi ya magreda yaliongezewa springi nzito za kusaidia kubeba uzito wa bapa, ili usukani uwe mwepesi zaidi.

Leo magreda mengi ya kuvutwa yanatumia mafuta ya haidroliki ya trekta, yaani mafuta yanayosukumwa kwa shinikizo, badala ya usukani. Opereta anasogeza wenzo, silinda inasukuma. Ni haraka, na hakuna anayechoka bega. Lakini mafuta hayana msuguano wa kushikilia kitu. Yakipata upenyo yanapita. Ndiyo maana inabidi iwekwe vali maalumu ya kuyafungia ndani ya silinda, na vali hiyo au sili (mpira wa kuzuia mafuta yasivuje) ikichoka, bapa linaanza kushuka polepole bila mtu kuligusa. Opereta anagundua akiwa amekwisha kuchimba. Skrubu ya zamani haikuhitaji vali. Kampuni ya Russell ya Minneapolis, iliyoanza mwaka 1903, ilijulikana kwa magreda ya kuvutwa kabla ya kununuliwa na Caterpillar mwaka 1928. Miaka mitatu baadaye Caterpillar ikatoa greda lililoundwa tangu mwanzo kama mashine moja na injini yake, na la kuvutwa likaanza kusogezwa pembeni. Kwa barabara za vijijini, mahali ambapo trekta ipo tayari na hela ya greda kubwa haipo, mimi bado nalipa heshima yake.

Adui wake ni vumbi. Vumbi letu jekundu likiingia ndani ya boksi na kuchanganyika na grisi, linakuwa msasa. Uzi wa skrubu unaliwa, meno yanaliwa, boljointi inalegea, na usukani unaanza kuwa na mchezo: unauzungusha robo nzima kabla bapa halijasikia. Bapa lenye mchezo linatetemeka, na mtetemo wake unachorwa barabarani kama bati. Mtetemo mkali una ubaya wa pili, maana unaulegeza msuguano uleule unaoifunga skrubu. Jiwe lililotulia kwenye mteremko huanza kutambaa ukiupigapiga mlima.

Kwa hiyo, ukilikuta greda kuukuu linauzwa, usidanganywe na rangi. Inua ncha moja ya bapa, chora alama ya chaki kwenye usukani, uachie. Shika ncha ya bapa uitikise kwa nguvu juu na chini, ukiisikiliza boljointi. Kisha nenda kanywe chai. Ukirudi, tazama chaki iko wapi.