Sanamu za kioo za Wacheki: dhana yenyewe, na jinsi zilivyotoka nje

Mtu akisikia "sanamu ya kioo" hufikiria pambo la kabatini: tembo mdogo, ua, farasi ambaye watoto wamekatazwa kumgusa. Kwa Wacheki, hasa tangu miaka ya 1950, maneno hayo yana maana nyingine. Ni bonge la kioo, mara nyingi zito kiasi cha kuhitaji winchi, lililoundwa na mchongaji kwa nia ileile ambayo mwenzake angekuwa nayo mbele ya jiwe au shaba, kisha likawekwa ukumbini, kwenye ukuta wa jengo au uwanjani, mahali ambapo mpita njia analiona bila kukata tiketi.

Tofauti yake na jiwe si ukubwa wala bei. Mwanga ukilipiga jiwe hurudi, na tunachokiona ni ngozi yake tu. Kioo huuacha mwanga uingie, uzunguke ndani na kutokea upande wa pili ukiwa umebadilika. Mchongaji wa kioo kwa hiyo huunda mambo mawili kwa pamoja: sura ya nje, na kile kinachotokea katikati ya unene. Hilo la pili ndilo dhana yenyewe. Ukilikosa, utakuwa unatazama jiwe linalong'aa.

Unene ndio unaoamua rangi. Mimina chai ya rangi kwenye kisosi nayo itaonekana ya dhahabu. Ijaze kwenye jagi la kioo nayo itakuwa karibu nyeusi, ingawa ni chai ileile. Kioo cha kijivu au chekundu hufanya vivyo hivyo. Pembeni, penye unene wa vidole viwili, hupauka. Katikati, penye unene wa dhiraa, huingia giza. Mchongaji anayelijua hili hapaki rangi. Akitaka kivuli huongeza unene, akitaka mwanga hupunguza. Anaweza hata kuchimba uso wa mtu kwa nyuma, kama shimo, na wewe unayesimama mbele ukauona umejitokeza kuelekea kwako. Kazi iitwayo "Kichwa", iliyotengenezwa mwaka 1957 na 1958 na Stanislav Libenský na Jaroslava Brychtová, ilijengwa hivyo, na ni miongoni mwa kazi zilizoanzisha mambo haya yote.

Wawili hao hawana budi kuelezwa, kwa sababu bila wao dhana hii isingekuwa na mwili. Libenský (1921–2002) alikuwa mchoraji. Mwaka 1954 alipelekwa kuongoza shule ya ufundi wa kioo katika mji mdogo wa Železný Brod, kaskazini mwa nchi. Brychtová (1924–2020) alikuwa mchongaji wa hapohapo, binti wa Jaroslav Brychta, mwalimu aliyejulikana sana kwa (ajabu ya mambo) vijisanamu vidogo vya kioo vya kuwekwa kabatini. Brychtová alikuwa ameshaanza kujaribu kuyeyusha kioo ndani ya kalibu. Libenský akawa anachora, Brychtová anafinyanga na kuipeleka kazi hadi kwenye kioo. Walioana mwaka 1963 na kufanya kazi pamoja mpaka mume alipofariki.

Njia yao ni kusubu kioo tanurini, na inafaa kuifuata hatua kwa hatua, maana wengi hudhani kila kioo hupulizwa kwa mrija. Mfano kamili hufinyangwa kwa udongo. Udongo hufunikwa kwa plasta iliyochanganywa na vitu vya kustahimili moto, kama unga wa mchanga wa kwatzi. Plasta ikishakaza, udongo huchimbuliwa na kubaki kalibu tupu. Mabonge ya kioo hupangwa humo, kisha kalibu nzima huingia tanurini. Joto likifika nyuzi 800 au 900 hivi, kioo hulegea, hushuka, hujaza kila pembe.

Mpaka hapo kazi ni nyepesi. Mtihani ni kupoza. Kioo hakipitishi joto vizuri. Ngozi ikipoa na kukaza huku moyo wake ungali moto, mvutano hufungiwa ndani. Kipande chaweza kupasuka siku tanuri linapofunguliwa, au baadaye sana kikiwa kimetulia tu bila kuguswa na mtu. Kwa hiyo joto hushushwa kidogo kidogo, hasa linapokaribia nyuzi 500 na kuteremka, na kwa kazi kubwa zoezi hilo huchukua wiki nyingi, hata miezi. Halafu kalibu huvunjwa ili kazi itoke. Haitumiki tena, anayetaka nakala ya pili atengeneze kalibu nyingine. Kinachofuata ni kukata, kusaga na kupiga msasa kwa maji. Hapo kuna uamuzi mwingine: sehemu iliyong'arishwa huruhusu jicho lizame ndani, na iliyoachwa na ukungu huutawanya mwanga na kuufanya ukae juu juu. Kazi nyingi za wawili hawa zina sehemu za aina zote mbili, na ukizunguka hatua mbili tu utaona zinavyobadilika.

Msomaji wa Arusha au Kajiado ana uhusiano wa zamani na pande hizo, pengine bila kujua. Ushanga mwingi wa kioo unaoshonwa na kina mama wa Kimaasai hutoka viwanda vya eneo la Jablonec nad Nisou, si mbali na Železný Brod. Ni eneo moja la watu wa kioo: huyu anatengeneza punje, yule anasubu bonge lisilobebeka.

Sasa, kwa nini jambo hili likue Chekoslovakia, nchi ya pamoja ya Wacheki na Waslovakia wakati huo, na si kwingine? Ufundi wa karne nyingi ni sehemu ya jibu, ila sehemu nyingine ni ya kisiasa, na kwangu mimi ndiyo tamu zaidi. Baada ya mwaka 1948 chama cha kikomunisti kiliwataka wachoraji na wachongaji watukuze wafanyakazi kwa mtindo unaoeleweka na kila mtu. Sanaa isiyo na sura ya kitu ilitiliwa shaka. Kioo, hata hivyo, kilihesabiwa kuwa ufundi wa mapambo, kitu cha vyombo na taa, na wakaguzi hawakukikodolea macho sana. Tena kiliuzika nje na kuiletea nchi sifa. Wasanii waliobanwa kwenye turubai wakapata mlango wa nyuma.

Maonyesho ya dunia ya Brussels mwaka 1958 yalilifichua hilo. Banda la Chekoslovakia lilikuwa na ukuta wa zege uliopachikwa mawe ya kioo ya Libenský na Brychtová, yenye wanyama wanaokumbusha michoro ya mapangoni, na pia kazi ya René Roubíček (1922–2018), ambaye alithubutu kuonyesha kioo kisicho na sura ya kitu chochote. Zilipata tuzo za juu. Kwenye maonyesho ya Montreal mwaka 1967 ukubwa wa kazi uliongezeka tena. Kwenye yale ya Osaka mwaka 1970 ndipo serikali iliposhtuka. "Mto wa Uhai", ukuta wa kioo wa Libenský na Brychtová wenye urefu wa mita 22 hivi, ulionyesha maji, barafu na sura za watu, na juu ya barafu nyayo za buti. Haikuhitaji mkalimani, kwani vifaru vya Mkataba wa Warsaw, muungano wa kijeshi ulioongozwa na Urusi ya Kisovieti, vilikuwa vimeingia Prague Agosti 1968. Amri ikatoka nyayo zifutwe, na wasanii wakatimuliwa chamani. Kioo kilikuwa kimesema jambo waziwazi, nao ule mlango wa nyuma ukawa umeonekana.

Hata hivyo kazi hazikukoma kuwekwa mahali pa watu wote. Mwaka 1965 serikali ilikuwa imepitisha utaratibu wa kutenga asilimia ya bajeti ya majengo, kati ya 1 na 4, kwa ajili ya sanaa. Hospitali, shule, hoteli, vituo vya treni na mitaa mipya ya ghorofa vikajaa sanamu, michoro ya ukutani, chemchemi na taa kubwa za kioo. Nyingine zilikuwa za kulipua tu, tuseme ukweli. Nyingine zilikuwa kazi nzuri ambazo zisingepata fedha kwa njia nyingine yoyote.

Mfano ulio rahisi kuuona ni Nová scéna, jengo la tamthilia lililofunguliwa mwaka 1983 ubavuni mwa Jumba la Taifa la Tamthilia mjini Prague. Msanifu Karel Prager alilivika ukuta wa nje wa vipande zaidi ya 4,000 vya kioo cha kupuliza, vilivyobuniwa na Libenský na Brychtová na kutengenezwa Sázava, kwenye kiwanda cha Kavalier kinachojulikana zaidi kwa vyombo vya maabara. Kila kipande kimevimba kuelekea nje mithili ya skrini ya televisheni ya zamani. Wengi mjini walilichukia na wapo wanaolichukia mpaka leo, hasa likiwa limekaa karibu na jumba la karne ya 19 lenye nakshi za dhahabu. Mimi naliona ndiyo sanamu ya kioo kubwa kuliko zote za Prague, iliyojifanya ukuta. Mchana wa mawingu huwa na rangi ya moshi. Usiku taa za ndani zikiwashwa ukuta wote hugeuka.

Jengo hilo linaonyesha pia ugumu wa kioo cha nje. Ndani ya makumbusho taa hupangwa nyuma ya kazi na kuachwa hapo. Barabarani taa ni jua, halipangiki. Kazi ikiwekwa mbele ya ukuta mweusi hufa. Ikiwa na anga nyuma yake hufufuka. Baridi kali ikifuatwa na jua la ghafla hurudisha lile tatizo la mvutano. Maji yakiingia kwenye ufa na kuganda huutanua. Vumbi na moshi wa magari hukaa kwenye sehemu zenye ukungu na havitoki kwa kufuta mara moja. Kwa hiyo mabonge mazito ya kusubu kwa kawaida hukaa chini ya paa, na wanaofanya kazi za uwanjani huchukua njia nyingine. Marian Karel, aliyezaliwa mwaka 1944 na kusomeshwa na Libenský, anaunganisha vioo bapa na chuma hadi vikawa majengo madogo. Mchemraba wake wa kioo umekaa juu ya mnara wa Makumbusho ya Kampa mjini Prague, kando ya mto Vltava, ukichukua rangi ya anga ya siku hiyo.

Sanamu za mti nazo ziko hapohapo Kampa. Mtoni, mbele ya makumbusho, kimesimama kiti cha mbao kikubwa mno, ambacho mtu akikaribia miguu yake hujiona mtoto wa kutambaa. Ni kazi ya Magdalena Jetelová, aliyezaliwa mwaka 1946 Semily, jirani kabisa na Železný Brod, na kuhamia Ujerumani mwaka 1985. Viti, meza na ngazi zake ni vya kiasi hicho, vimeungwa kwa magogo na mbao nene zisizolainishwa. Kitu cha nyumbani kinapoteza matumizi yake, kinabaki na ubabe tu.

Mti na kioo huwekwa kundi moja mara nyingi kwa sababu vyote vina mambo yanayoendelea ndani. Mti hata baada ya kukatwa huendelea kunyonya na kutoa unyevu. Hupasuka kufuata mishipa kuelekea moyoni, hugeuka rangi ya majivu kwa jua, huoza pale unapogusa udongo. Mchongaji anayeujua hukata gogo la mwaloni, hutoa moyo wake au huacha mfereji nyuma ili ufa ujue pa kupita, kisha huliinua kwenye chuma lisikae kwenye unyevu. Vijiji na miji mingi ya Ucheki huandaa kambi za wachongaji ambao kwa siku chache huchonga hadharani kwa chenso, na kazi hubaki bustanini. Nyingi si za kudumu miongo, na haziahidi hivyo. Ni wahusika wa hadithi, wanyama na watakatifu, na watoto huwapanda mgongoni, jambo lisilofikirika kwa kioo.

Siku hizi mpaka kati ya vitu hivi viwili unachezewa. Mwaka 2022, Rony Plesl, aliyezaliwa mwaka 1965, alionyesha katika kanisa moja mjini Venice vigogo vya kioo vyenye alama za gome halisi la mti. Kuna pia biashara kubwa ya mapambo ya kioo yanayoning'inizwa kwenye kumbi za hoteli na maduka makubwa kote duniani, mengi yakitoka Ucheki. Mengine yanapendeza, ila nisingeyaita kwa jina tunaloeleza hapa bila kusita: mengi yameundwa na vipande vyembamba vinavyometameta, na ndani ya kipande hakuna kinachotokea.

Utaratibu wa asilimia haukuendelea baada ya utawala wa kikomunisti kuanguka mwaka 1989. Majengo mengi ya zama zile yamebomolewa au kukarabatiwa, na kazi zake kupotea au kuuzwa. Hotel Praha, moja ya majengo yaliyosheheni kazi za aina hii, ilibomolewa mwaka 2014. Manispaa ya Prague imeanzisha tena utaratibu wake wa kutenga asilimia 2 kwa sanaa ya mjini, na mchongaji Pavel Karous amefanya kazi ndefu ya kuorodhesha zile zilizosalia.

Kuhusu kudumu, mafuriko ya Agosti 2002 yalikibeba kiti cha Jetelová na kukipeleka mbali sana chini ya mto. Baadaye kiti kikasimama tena palepale mbele ya makumbusho. Kwa kazi ya mbao hilo linawezekana: boriti iliyovunjika hubadilishwa na nyingine, na kiti hubaki kiti. Kioo cha kusubu kikipasuka hakiungiki bila mshono kuonekana, kwa kuwa mwanga utaupata mshono kabla ya jicho lako.