Msuli Hujengwa na Marudio ya Mwisho

Kila Januari jimu inapojaa, swali ninaloulizwa zaidi nikiwa mkufunzi ni mashine ipi inayojenga kifua haraka, na jibu langu huwavunja moyo wengi: mashine si hoja. Msuli hautambui kama umebebeshwa dambeli ya dukani au makopo ya rangi yaliyojazwa zege na kuunganishwa kwa bomba, kama yale niliyoanzia mimi. Unachohisi ni uzito wa mzigo na juhudi ya kuupinga.

Kwa hiyo ninapomsimamia mtu, macho yangu huwa kwenye mwendo wa chuma. Katika seti, yaani mfululizo mmoja wa kunyanyua bila kupumzika, ya marudio 12, manane ya kwanza hupita bila shida; kuanzia la tisa chuma hupanda polepole ijapokuwa mnyanyuaji anasukuma kwa nguvu zake zote, kwa sababu nyuzi za msuli zilizotangulia kufanya kazi zimechoka na mwili umelazimika kuziita zile kubwa, ambazo ndizo hasa hunenepa. Anayekishusha chuma kabla ya hapo amepasha mwili moto tu. Si lazima mikono igome kabisa. Ukibakiza nguvu za kunyanyua mara 1 hadi 3 zaidi, inatosha. Ndiyo maana mzigo mwepesi wa marudio 25 na mzito wa marudio 6 hukuza misuli kwa kiwango kinachokaribiana, mradi kila mmoja ufikishwe karibu na kikomo, ingawa kwa nguvu tupu ule mzito hushinda.

Mzigo usioongezeka nao huacha kujenga. Thomas DeLorme, daktari wa jeshi la Marekani, aliutumia ukweli huo hospitalini Chicago katika miaka ya 1940, akiwaongezea uzito wa kunyanyua hatua kwa hatua askari waliojeruhiwa. Mimi huwataka wanafunzi wangu waje na daftari: leo kilo 40 mara 8, wiki ijayo mara 9. Asiyeandika hunyanyua kilo zilezile kutoka Mfungo Mosi hadi Rajabu, kisha husema ukoo wao ni wembamba.

Seti 10 hadi 20 kwa wiki kwa kila msuli zinawatosha wengi. Anayeanza hahitaji hata hizo.

Kuhusu chakula, lenga gramu 1.6 za protini kwa kila kilo ya uzito wako kwa siku, yaani kama 112 kwa mtu wa kilo 70. Yai moja lina takriban gramu 6. Ongeza dagaa, maharage na maziwa, utafika bila kopo la unga wa protini linalogharimu kodi ya chumba. Kijana mmoja alinijia akilalamika kwamba unga wake haufanyi kazi, na nilipofungua daftari lake nikakuta seti ya mwisho ya miguu iliandikwa wiki tano nyuma.