Wamatengo na ngoro zao: yasemwayo na yalivyo

Wamatengo ni wakulima wa wilaya ya Mbinga, mkoani Ruvuma, kusini-magharibi mwa Tanzania. Milima yao inapanda kutoka mita 900 hivi hadi karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Watanzania wengi huwasikia mara moja tu, katika somo la jiografia, kwa ajili ya ngoro, yaani kilimo chao cha matuta na mashimo kwenye miteremko ya milima, na hata hizo ngoro hufundishwa nusunusu.

Dhana: Ngoro ni mashimo ya kuzuia maji

Shimo ndilo linaloonekana, kwa hiyo ndilo linalochorwa daftarini. Lakini anayeanza kwa kuchimba shimo amekosea hatua ya kwanza. Kazi huanza mwezi Machi, mvua zikielekea kwisha, kwa kufyeka majani yaliyoota shamba lilipopumzika. Majani huachwa yanyauke, kisha hulazwa chini kwa mistari inayokatana: mingine inashuka na mteremko, mingine inaukingama, mpaka shamba lote liwe miraba yenye upana wa mita 1.5 hadi 2. Ndipo jembe linapoingia. Udongo wa katikati ya kila mraba huchimbuliwa na kuwekwa juu ya majani pande zote nne. Maharage husiwa juu ya tuta hilo, kisha udongo kidogo huchotwa tena shimoni kuyafukia. Shimo ni masalio ya kazi, ingawa masalio yenye faida.

Kinachobeba mazao basi ni tuta, na ndani ya tuta kuna majani yanayooza taratibu. Maharage yakishavunwa, mahindi hupandwa Novemba au Desemba juu ya matuta yaleyale, bila kulima upya. Magugu yanayopaliliwa hutupwa shimoni, yakachanganyika na udongo laini ulioshushwa na mvua. Kwa baridi ya kule mahindi hukawia. Huvunwa katikati ya mwaka unaofuata, na shamba linapumzika hadi Machi. Mzunguko ni wa miaka miwili. Ukianza upya, mashimo huhamishwa: penye shimo la zamani, lililojaa mboji, hupitishwa tuta jipya. Wanaoiga ngoro kwingine hukosea hapa zaidi kuliko popote. Huchimba mara moja, wakayaacha mashimo palepale miaka nenda rudi, halafu wakashangaa mazao yakidhoofu.

Makosa mengine ni ya mikono tu. Majani yakiwa haba, tuta linakuwa udongo mtupu na mvua kubwa hulilainisha likaporomoka. Majani yakiwa mengi na udongo mwembamba, mizizi ya maharage huishia kwenye nafasi zenye hewa na mmea hukauka. La hatari zaidi ni tuta la upande wa bondeni kuwa fupi kuliko wenzake: maji humwagikia shimo la chini yake, nalo likazidiwa, na kabla mvua haijakatika safu nzima imebomoka hadi chini.

Dhana: Matuta ya kontua (marefu, yanayokingama mteremko) yangetosha, tena kwa kazi ndogo

Kwenye mteremko wa wastani, sawa. Ngoro nyingi ziko kwenye miteremko ya asilimia 35 hadi 60. Huko tuta refu la kontua likipasuka mahali pamoja, maji yote yaliyokusanyika nyuma yake hukimbilia ufa huo na kuchimba korongo. Kwenye ngoro kila shimo linashika maji yake, na yanazama pale pale.

Dhana: Mkulima wa ngoro hahitaji mbolea

Hili huenezwa na watu wenye nia njema, nalo huwaumiza wakulima. Ngoro huzuia udongo usiondoke. Hairudishi kila kinachobebwa na magunia ya mahindi na maharage. Zamani upungufu huo ulifidiwa kwa kulipumzisha shamba muda mrefu. Watu wameongezeka, mashamba yamegawanywa kwa watoto, na mapumziko yamefupishwa. Mapumziko mafupi maana yake ni majani machache, na majani machache maana yake ni matuta dhaifu. Kwa hiyo mahindi ya ngoro huhitaji mbolea kama mengine.

Pesa ya mbolea inatoka wapi? Kwenye kahawa, iliyoingia Umatengo katika miaka ya 1920. Kahawa haipandwi kwenye ngoro. Ina mashamba yake, mengi karibu na nyumba. Ushirika wa Wangoni na Wamatengo ulianzishwa mwaka 1936, na baadaye Mbinga ikawa na chama chake kikuu cha ushirika, MBICU. Mkulima alikopeshwa pembejeo, akakatwa alipouza kahawa. Soko lilipofunguliwa kwa wanunuzi binafsi katika miaka ya 1990, mpango huo ulivunjika. Anayesema "si wana kahawa, wanalalamikia nini?" aache kwanza kuhesabu kilo za kahawa, atazame kalenda: kahawa huuzwa nusu ya pili ya mwaka, ilhali mahindi hudai mbolea Desemba na Januari, wakati mahitaji ya shule nayo yako mlangoni. Mkopo wa pembejeo uliziba pengo hilo hasa.

Wapo pia wanaodhani Wamatengo ni tawi la Wangoni, labda kwa sababu ya jina la ushirika ule. Sivyo. Wangoni walifika Ruvuma katikati ya karne ya 19 wakitoka kusini mwa Afrika. Wamatengo wana lugha yao, Kimatengo, na ni mashambulizi ya Wangoni yaliyowafanya wengi wajibane sehemu za ndani za milima kama Litembo.

Dhana: Wameshakuwa Wakatoliki, ya zamani yamekwisha

Ni kweli walio wengi ni Wakatoliki. Lakini kuheshimu mizimu ya mababu hakukutoweka kwa ubatizo, na kilichopungua zaidi si imani bali sengu. Hapo wanaume wa ukoo walikula pamoja kwa mzee wao, wakapanga kazi, wakaamua magomvi, vijana wakisikiliza na kufunzwa. Vijiji vya ujamaa vya miaka ya 1970 na kugawanyika kwa kaya viliudhoofisha utaratibu huo. Kijijini Kindimba jina lilirudi baadaye: kamati ya maendeleo iliyoshughulikia miradi kama kinu cha kusaga kwa nguvu ya maji iliitwa kamati ya sengu.

Mtaalamu anayekwenda na mradi, naye ana dhana yake: kwamba ngoro zikiwa hafifu ni kwa kukosa elimu. Aulize kwanza nani anachimba. Kwa desturi, kufyeka na kulaza majani ni kazi ya wanaume, kuchimba na kusia maharage ni ya wanawake, na sehemu nzito zaidi ni ya pili. Mwanamke mmoja akiachiwa shamba zima, ataongeza upana wa miraba ili kupunguza idadi ya mashimo, na matuta yatakuwa membamba. Kaya ya namna hiyo semina haiisaidii kitu. Inahitaji vibarua wa wiki mbili mwezi Machi.