Maziwa hayakati sumu ya mbwa

Mbwa akiokota kitu chenye sumu huko nje, iwe Nkuhungu au Mpunguzi hapa Dodoma, ushauri wa kwanza wa jirani ni uleule: "Mnyweshe maziwa, yanakata sumu." Hayakati. Sumu zinazoyeyuka kwenye mafuta huweza hata kufyonzwa haraka zaidi. Na mbwa anayetetemeka ukimmiminia kitu mdomoni, kinaweza kuishia mapafuni.

Mtoe pale, weka pakiti au matapishi kwenye mfuko, mpigie daktari wa mifugo. Usimtapishe kwa chumvi. Chumvi nyingi nayo ni sumu.

Kungoja dalili ndiko kunakoponza wengi. Dawa ya wadudu ya shambani mara nyingi humtoa udenda na kumtetemesha ndani ya dakika au saa chache. Lakini sumu ya panya inayozuia damu kuganda hukaa kimya siku 2 hadi 5, ndipo fizi zinapauka na damu kuanza kuvuja. Halafu kuna zabibu, fahari yetu Dodoma: mbichi au kavu, zinaweza kuharibu figo za mbwa. Akizila shambani, mpeleke siku hiyohiyo, hata kama bado anarukaruka.