Mteja Aishie Barazani: Dhana Potofu Kuhusu Usalama wa Biashara ya Nyumbani

Nashona nguo nyumbani kwangu, Dar es Salaam, huu ni mwaka wa 11. Chumba cha mbele kina vyerehani viwili na meza ya kukatia. Nyuma yake wanalala wanangu. Wapo wengi wanaoishi hivi: wasusi, wapambaji wa maharusi, walimu wa tuisheni, waoka keki. Tukikutana tunaongelea bei ya vitambaa na wateja wagumu kulipa. Usalama tunausahau mpaka siku mwenzetu aibiwe au ashikwe pasipostahili, na hapo zinaanza kauli ambazo naomba tuziache.

"Hatari ni mtu usiyemjua"

Hii niliiamini kuliko zote, na ndiyo iliyonigharimu. Miaka kadhaa iliyopita, jioni ya kuamkia Idd, pesa zote zilizokuwa kwenye droo ya cherehani ziliondoka. Aliyezichukua alikuwa mteja wangu wa miaka mitatu. Jirani alimwona akitoka mbio. Hakuvunja kitu. Alipiga hodi, akakaribishwa, akasubiri niingie ndani kufuturu. Alijua pesa zinakaa wapi kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa natoa chenji humo mbele ya macho yake kila alipokuja.

Mteja wa siku nyingi anaijua ratiba yako, anajua mume anarudi saa ngapi na watoto wanasoma wapi. Simaanishi tuwashuku wote. Namaanisha pesa isilale pale inapopokelewa. Siku hizi wengi wananilipa kwa Lipa Namba, ambapo kinachoonekana ni jina la biashara, na noti nikizipata zinapelekwa kwa wakala kabla jua halijazama.

"Kumwekea mgeni mipaka ni kukosa adabu"

Anayesema hivi hajaziangalia vizuri nyumba za wazee wetu. Nenda Lamu, mji ulioingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001. Mbele ya nyumba za mawe utakuta daka, kibaraza chenye viti vya mawe pande mbili, kabla hujaufikia mlango wenyewe. Mwenye shughuli fupi aliimalizia hapo. Ukipita mlango, njia inakata kona ili aliye nje asiuone ua. Mfanyabiashara aliyetoka mbali alipewa sabule, chumba cha wageni kilichotengwa na vyumba vya wenyeji. Watu wale waliendesha biashara majumbani mwao vizazi na vizazi, na hakuna aliyewaita wachoyo wa ukarimu. Hodi yenyewe ni ombi. Ukiipiga mara tatu usijibiwe, unaondoka.

Kwa hiyo mimi nimejitengenezea daka langu. Pazia lililotenganisha chumba cha kazi na cha watoto nimelitoa, nikaweka mlango wenye komeo upande wa ndani. Kona ya kujaribishia nguo iko humo humo chumba cha mbele. Jagi la maji liko mezani kabla mteja hajafika, asije akamfuata mtoto jikoni. Na kiti changu kiko karibu na mlango wa nje kuliko chake.

Anayepanga kwenye nyumba ya Kiswahili ana kazi zaidi. Vyumba vinatazamana kwenye korido moja na choo kiko uani, kwa hiyo mteja wako akiomba kujisaidia anapita milango ya familia nyingine zote. Majirani wana haki ya kujua unafanya kazi gani na siku zipi. Fanyia kazi kibarazani au chumba cha mbele kadiri inavyowezekana, na mteja akienda uani msindikize. Jirani aliyeelezwa mapema ndiye atakayeshtuka akisikia sauti isiyo ya kawaida chumbani kwako.

"Nina namba yake, na jina lake limetokea kwenye muamala"

Jina lile ni la aliyesajili laini, na si lazima awe ndiye aliyeishika simu. Ndiyo maana Watanzania tunapiga *106# kuangalia ni laini zipi zimesajiliwa kwa kitambulisho chetu.

London, tarehe 28 Julai 1986, dalali wa nyumba aitwaye Suzy Lamplugh, miaka 25, alitoka ofisini kwenda kumwonyesha mteja nyumba. Kwenye shajara yake aliandika saa, anwani na jina la mteja: Mr Kipper. Mpaka leo Suzy hajapatikana, na jina lile halikuwafikisha polisi kwa mteja huyo.

Kuandika jina ni vizuri, ila mtu anayekusubiri saa fulani ana thamani kubwa zaidi. Mteja mpya ninamwita mchana tu, baada ya kutuma kianzio. Simtumii lokesheni, namwelekeza afike dukani kwa Mangi, kisha namfuata, na Mangi anakuwa amemwona. Dada yangu namtumia ujumbe: mteja mpya saa 9 alasiri, nitakupigia saa 10. Nikimuuliza kwenye simu kama amenunua zile zipu nyekundu, anajua atume watu. Nikienda kupima maharusi nyumbani kwao, nawasha lokesheni ya moja kwa moja ya WhatsApp, ambayo inaweza kudumu kwa muda wa saa nane.

"Ukuta mrefu na geti vinatosha"

Ukuta unamzuia anayeruka. Mteja unamfungulia geti mwenyewe, na likishafungwa nyuma yake, jirani haoni kitu.

"Mimi nahudumia wanawake tu"

Wanawake hao wana waume, na baadhi ya waume ni wakali. Amewahi kuja mmoja usiku kutaka kujua kama mkewe alifika kwangu siku ile. Nilimjibu kwamba habari za wateja sizitoi, nikiwa nimesimama nyuma ya mlango uliofungwa. Nina imani nilimkinga mwanamke yule. Daftari la vipimo, namba za simu, picha za kujaribisha gauni, vyote ni amana. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Picha ya mteja haiendi Instagram mpaka aseme ndiyo.

"Ukiita polisi utaharibu jina la biashara"

Kinachoharibu jina ni habari kwamba kwako mtu anashikwashikwa na hakuna kinachofanyika. Anza na mjumbe, mapema, hata kabla ya tatizo. Dharura piga 112. Kwa udhalilishaji, vituo vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto, na huko utasikilizwa faraghani. Na kabla mambo hayajafika huko, una haki ya kuikataa kazi.

Mwezi uliopita mteja mpya alinitumia kianzio, kisha akakataa kupitia kwa Mangi. Akang'ang'ania nimtumie lokesheni saa 3 usiku, aje peke yake. Pesa zake nilizirudisha usiku huo huo.