Atemia kwenye vijaruba vya chumvi: lini huzaa, lini hutaga

Atemia ni uduvi wa maji ya chumvi, mrefu wa sentimita 1 hivi. Aina inayopandikizwa zaidi, *Artemia franciscana*, ni mgeni kutoka Marekani; jirani zetu wa Kenya waliipandikiza kwenye mashamba ya chumvi miaka ya 1980. Anayetaka kumfuga Pemba, iwe kwa kulisha vifaranga vya samaki au kuvuna mayai, ajue kwanza kuwa jike ana njia mbili za uzazi.

Maji yakiwa mazuri na chakula tele, huzaa viluwiluwi hai. Chumvi ikipanda, hewa ikipungua au chakula kikiyumba, hutaga mayai ya ganda gumu la kahawia ambayo kiini chake kimelala. Mkupuo mmoja unaweza kufika 300, na kiluwiluwi aliyeshiba hupevuka kwa siku 8 hadi 15.

Pandikiza chumvi ikishafika gramu 80 kwa lita. Chini ya hapo samaki wadogo wanaoingia na bamvua watamla wote, kwani hana mwiba wala mbio. Mlango wa maji uwe na wavu wa matundu madogo. Ukianguliwa kwa maji ya bahari, nyuzi 28, mwanga na hewa ya pampu, mzigo wa mayai hutoa viluwiluwi kwa saa 24. Wamwage jioni siku hiyohiyo, wasizidi 100 kwa lita. Wakikua kidogo tu hawastahimili kuhamishiwa maji yenye chumvi kali.

Kosa kubwa ni kina. Kijaruba cha sentimita 15 ni kizuri kwa chumvi, kibaya kwa atemia: maji hupita nyuzi 35, na jua likifika chini huotesha utando wa mwani asioweza kuula, maana yeye huchuja chembe ndogo zinazoelea. Chimba hadi sentimita 40 au 50, urutubishe kwa samadi ya kuku. Sahani nyeupe ukiizamisha ikapotea machoni kwenye kina cha sentimita 20 hadi 25, chakula kinatosha.

Mayai huelea, na upepo wa kaskazi huyasukuma ukingo wa kusini-magharibi. Yachote kila siku. Mvua moja tu huweka maji baridi juu ya yale ya chumvi, na mayai yanayoelea humo yakaanguliwa na kupotea. Yaoshe, yakaushe kivulini, yafungwe kopo lisilopitisha hewa. Masika yakishapunguza chumvi na kuua kizazi chote, hiyo ndiyo mbegu ya kipupwe.